Siku moja kwa muuza ploti wa Nakuru

Msomaji mpenzi, ukitaka kuujua mji usiokuwa wako, usianzie hotelini wala mbugani. Huko ndiko waanziako watalii, nao hurudi makwao na picha za vifaru na heroe, wasijue lolote kuhusu watu waliowapita njiani. Anzia katika ofisi ya kukodisha nyumba na kuuza ploti. Keti kwenye benchi, nyamaza, usikilize. Kabla ya saa sita za mchana utakuwa umejua nani amehamishwa kazi, nani ameoa, nani amefilisika, na ni mtaa gani umekosa maji tangu Jumatatu.

Nilijifunza hayo mjini Nakuru. Hata hivyo sikwenda huko kutafuta makala. Nilikwenda kununua ardhi.

Kwa muda wa miaka saba, mimi na mwenzangu nyumbani tumekuwa tukiweka akiba katika chama cha ushirika. Wewe unayelipa kodi ya nyumba jijini Nairobi unaelewa sababu. Kila mwisho wa mwezi mwenye nyumba hukumbuka nambari yako ya simu hata kama amesahau jina lako. Basi mwenzangu mmoja kazini aliponidokezea kwamba kuna ofisi Nakuru inayotangaza ploti ya futi 50 kwa 100 huko Bahati kwa shilingi 650,000, usingizi ulinipaa. Majirani wa ploti hiyo, alisema, waliitisha 900,000.

Alfajiri ya Ijumaa nilikuwa Nyamakima. Matatu ilijaa upesi, tukaupita ukungu wa Limuru, tukateremka Bonde la Ufa huku Mlima Longonot ukijitokeza kushoto kama chungu kilichopasuka mdomo. Naivasha ikapita, Gilgil ikapita, Ziwa Elementaita likamemeta upande wa kushoto, na baada ya mwendo wa kilomita 160 hivi tukaingia Lanet, mlango wa Nakuru.

Jiji lenye tabia za mji mdogo

Nakuru ni mtoto wa reli. Garimoshi lilifika hapa mwaka 1900, na miaka minne baadaye pakatangazwa kuwa mji. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilitawazwa kuwa jiji la nne nchini, baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Eldoret ikafuata mwaka 2024. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 570,000 hapa. Upande wa kaskazini umeinuka mlima wa Menengai wenye shimo lake kubwa la volkeno, na upande wa kusini limelala ziwa. Mji umebanwa katikati, na ndiyo maana kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, na wakati mwingine wenyewe wawili.

Lakini hadhi ya jiji haijaondoa tabia za mji mdogo. Tembea kutoka mwanzo wa Barabara ya Kenyatta hadi mwisho wake ukiwa na mwenyeji, na mtasimamishwa kusalimiwa mara kumi. Kumbuka jambo hilo, msomaji, kwa sababu nitalirudia.

Ofisi niliyoitafuta iko orofa ya kwanza, juu ya duka la viatu, jirani na fundi wa cherehani. Ngazi zake zimelika katikati kwa wingi wa nyayo. Ndani mna meza mbili, benchi moja, ramani ya mitaa iliyokunjika pembe, na ubao wenye kadi zilizoandikwa kwa mkono: chumba kimoja Free Area, vyumba viwili vya kulala Section 58, duka Langalanga, ploti Kiamunyi. Ukutani, ndani ya fremu, kuna cheti cha Bodi ya Usajili wa Mawakala wa Nyumba na Ardhi. Sheria iliyounda bodi hiyo ni ya mwaka 1984, na anayefanya kazi hii bila kusajiliwa huwa anaivunja. Hata hivyo waulize watu kumi waliowahi kutoa pesa kwa broka kama waliwahi kuulizia cheti hicho.

Mwenye ofisi ni mama wa miaka hamsini na kitu ambaye kila mtu humwita Madam. Ana miwani iliyofungwa kamba shingoni na sauti ya chini isiyohitaji kurudiwa. Msaidizi wake ni msichana anayepokea simu. Yupo pia kijana wa kuonyesha nyumba, ambaye hubeba funguo nyingi hata ukadhani ni askari jela.

Funguo hizo hukaa kwenye misumari ukutani, kila moja na kipande chake cha kadibodi. "Hili ndilo gazeti langu," Madam aliniambia akizionyesha. "Kiwanda kikipunguza wafanyakazi, funguo hurudi. Hospitali ikiajiri wauguzi, misumari hubaki mitupu. Ninyi huandika habari hiyo baada ya wiki mbili."

Nilicheka, lakini nilijua amesema kweli.

Maji, ziwa na nyufa

Kabla ya zamu yangu kufika, niliketi kwenye benchi nikatazama mji ukipita.

Walitangulia wanafunzi watatu. Nakuru imepakana na Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro na kile cha Kabarak, na si wanafunzi wote wanaolala chuoni. Hawa walitaka bedsita ya kugawana. Waliulizia bei, wakaulizia intaneti, wakaulizia kama wenye nyumba hufunga lango saa nne za usiku. Madam aliwajibu yote, kisha akawauliza swali wasilolitarajia: "Na maji je, mmeuliza ni ya wapi?"

Akawaeleza kwamba maji mengi ya visima katika eneo hili yana madini ya floraidi kwa wingi, na ndiyo sababu utakutana na wenyeji wenye meno ya rangi ya kahawia tangu utotoni. Maji hayo yanafaa kwa kufua na kuosha vyombo. Ya kunywa tafuta mengine. "Ninyi ni wakubwa, meno yenu yamekwisha kuota," akasema. "Lakini mwenye mtoto mchanga lazima aulize."

Akaja mpangaji aliyehama, akidai deposti yake. Mwenye nyumba alikuwa ameikata yote kwa kisingizio cha kupaka rangi. Madam alifungua faili, akatoa karatasi iliyotiwa sahihi na wote wawili siku ya kuhamia, yenye orodha ya kila kioo, kila swichi na kila doa ukutani. Doa lililokuwa likilalamikiwa lilikuwa limeandikwa humo. Simu moja ikapigwa, na mpangaji akateremka ngazi akipiga mluzi. Mwanafunzi unayesoma makala haya, usihamie chumba chochote kabla ya kuandika orodha kama hiyo.

Kisha akaingia bwana mmoja aliyevaa vizuri, akitafuta ardhi karibu na ziwa. Alikuwa ameahidiwa mahali kwa bei ya kutupa. Madam alimpeleka mbele ya ramani bila kusema neno, akaweka kidole.

"Hapa palikuwa na lango kuu la mbuga. Liko wapi leo?"

Bwana yule hakujibu. Kuanzia mwaka 2010 hivi, maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kufura. Ziwa Nakuru lilimeza lango la zamani la mbuga, na maji yakafika hata kwenye makao ya watu upande wa Mwariki. Watu waliokuwa na stakabadhi halali walihama wakiwa wamebeba magodoro kichwani.

"Ziwa halisomi hati," Madam alisema.

Akamwonyesha pia sehemu za magharibi mwa mji, ambako udongo ni wa majivu ya volkeno na ambako mvua kubwa huweza kufungua nyufa ardhini. Hakumkataza kununua huko. Alimwambia amlipe mhandisi achunguze udongo kabla ya kumlipa mwenye ploti. Bwana yule alishukuru, ingawa kwa uso wa mtu aliyenyang'anywa sahani kabla ya kuonja.

Hati safi

Saa tano zikagonga. Wenye ploti ya Bahati wakaingia.

Alikuwa mzee wa miaka sabini hivi, amevaa koti zito na kofia aliyoivua mlangoni. Nyuma yake alifuatana na kijana wa miaka ishirini na kitu, mwanawe wa mwisho, ambaye simu haikumtoka mkononi. Kijana ndiye aliyekuwa akizungumza.

Madam alinieleza mbele yao yale aliyokwisha kufanya. Alikuwa amepeleka nambari ya shamba kwa msajili wa ardhi ili kupata taarifa rasmi, jambo ambalo watu huita "sachi." Sachi hukuonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, kama imewekwa rehani benki, na kama kuna mtu aliyeiwekea zuio. Shamba lilikuwa nusu ekari. Jina lilikuwa la mzee. Hapakuwa na deni wala zuio. Lililobaki lilikuwa kumwita mpima ardhi akate sehemu yangu.

"Hati ni safi kama sahani," kijana alisema. "Tuandikiane leo. Ndugu huyu atoe asilimia kumi, mengine yafuate."

Nakiri, msomaji, mkono wangu ulikwisha kuingia mfukoni. Pesa zangu zilikuwa katika simu. Niliona nyumba ya vyumba vitatu, nikaona watoto wangu wakikimbia uani, nikajiona mimi mwenyewe sikutani tena na mwenye nyumba kila tarehe 5.

Madam alivua miwani.

"Mzee, mama yuko wapi?"

Mzee akamtazama mwanawe. "Mama ni mgonjwa wa miguu," kijana akajibu. "Hawezi kupanda matatu."

"Pole sana. Miguu yetu ni mizima. Tutamfuata."

"Lakini jina ni la mzee peke yake!"

"Nimeliona. Twendeni."

Baadaye alinieleza kwamba hiyo ni kanuni yake tangu alipofungua ofisi: hauzi ardhi ambayo hajaikanyaga, wala hauzi ya familia ambayo hajaisalimu.

Njia ya Bahati

Tulipanda gari lake kuukuu, mzee mbele, sisi wengine nyuma. Barabara hii ndiyo iendayo Nyahururu, na vituo vyake vingine bado huitwa kwa maili za kikoloni: Maili Sita, Maili Kumi. Menengai huwa kushoto kwako, na kulia huinuka milima yenye msitu wa Bahati. Udongo unapendeza macho. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, na kando ya njia kina mama walikuwa wamepanga kabeji na viazi.

Zamani haya yalikuwa mashamba makubwa ya walowezi. Baada ya uhuru, hasa katika miaka ya 1960 na 1970, Wazungu wengi walipouza na kuondoka, watu wasiokuwa na ardhi waliungana katika vyama na kampuni za kununua mashamba. Kila mwanachama alitoa pesa za hisa kidogo kidogo, shamba likanunuliwa, kisha kura ikapigwa: uliokota kikaratasi chenye nambari, na nambari hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu yako. Sehemu kubwa ya Nakuru unayoiona leo ilianza kwa vikaratasi hivyo. Ekari chache za baba zikagawiwa wana, za wana zikakatwa ploti, na leo twazipima kwa futi.

Njia nzima kijana hakusema neno. Mzee alisema mara moja tu, alipotuonyesha pa kukata kona.

Boma lilizungukwa na ua wa kayaba. Nyumba ilikuwa ya mbao na mabati, safi, yenye maua katika mikebe. Na katikati ya shamba la maharagwe, jembe mkononi, kitambaa kichwani, alisimama mama. Alikuja kutulaki kwa hatua za mtu aliyezoea kupanda mlima kila siku. Kama miguu ile ilikuwa inaugua, basi yangu ilikuwa imekwisha kufa.

"Karibuni wageni," alisema, akijipangusa mikono kwa leso. "Mzee, mbona hukunieleza? Ningeweka chai mapema."

Pakawa kimya. Mzee alikohoa. Kijana akatazama viatu vyake.

"Mama," Madam akasema kwa upole, "tumetoka mjini. Tumekuja kwa ajili ya ile sehemu ya shamba."

"Sehemu ipi?"

Hapakuwa na aliyejibu, na mama hakurudia swali. Aliangalia faili mkononi mwa Madam, akanitazama mimi, akamtazama mumewe kwa muda mrefu kidogo. Kisha akasema, "Ingieni kwanza. Habari hazizungumzwi mlangoni."

Mkebe wa risiti

Alitupikia chai. Hakuna aliyethubutu kusema ana haraka. Alipokwisha kumimina aliketi akanielekea mimi.

"Kijana wangu, wewe ndiwe unayetaka kununua?"

"Ndiyo, mama."

"Una watoto?"

"Wawili."

"Ni vyema kuwatafutia mahali. Sisi pia tulitafuta."

Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na mkebe wa mafuta ya kupikia uliofutika maandishi. Ndani mlikuwa na risiti zilizogeuka manjano, zimefungwa kwa uzi. Akaanza kusimulia, bila kupandisha sauti, jinsi walivyokuwa vibarua kule Molo katika ujana wao. Mzee alilisha ng'ombe wa mwenye shamba. Yeye alichuma pareto, yale maua meupe ambayo hukaushwa na kutengenezwa dawa ya kuua wadudu. Ua moja halina uzito wowote, kwa hiyo kuujaza mfuko ni kazi ya siku nzima ya kuinama. Pesa za mzee zilinunua unga. Za pareto zilikwenda katika hisa za kampuni, mwezi baada ya mwezi. Siku ya kura alikuwa na mimba ya kifungua mimba wao, na mzee ndiye aliyeingiza mkono katika kofia.

"Risiti zote zina jina lake," alisema. "Karani aliandika jina la mwenye boma. Sikuona ubaya. Ni mume wangu."

Nilizitazama risiti zile nikakumbuka hati niliyoonyeshwa asubuhi. Sachi ilisema kweli kabisa, kwamba ardhi ni ya mzee. Lakini hati huonyesha jina tu. Jasho halina safu yake katika daftari la msajili.

Sababu ya kuuza ikajulikana hapo hapo. Kijana alikuwa ameahidiwa kazi ng'ambo, na aliyemwahidi alitaka pesa kabla ya mwezi kwisha. Mama alikuwa akisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, mbele ya wageni.

"Mbona hukuniambia?" alimwuliza mwanawe.

"Ungekataa."

"Ningekataa kuuza. Kukusaidia singekataa."

Kijana alishika kichwa. Mzee naye akafungua kinywa mwishowe. "Nilifikiri nitakwambia pesa zikishafika," alisema, na mara moja nikaona kwamba alikuwa mtu mwema aliyebanwa kati ya mwana na aibu, akachagua njia fupi.

Madam akafunga faili. Akawaeleza wote watatu, kwa lugha nyepesi, kile ambacho huenda angewaeleza ofisini kama mama angekuwa kweli mgonjwa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 haimruhusu mume au mke kuuza, kukodisha wala kuweka rehani makao ya familia bila idhini ya mwenzake. Tena, shamba la kilimo haliuzwi bila idhini ya bodi ya ardhi ya eneo hilo, na maombi hupelekwa kabla ya miezi sita kupita tangu mkataba utiwe sahihi. Huko kwenye bodi wangeulizwa tena: mama yuko wapi?

"Mngekula pesa za huyu ndugu," alisema akinionyesha mimi, "kisha mzilipe mahakamani."

Tulipoondoka mama alinitilia maharagwe katika mfuko. Nilijaribu kukataa. Akaniambia nisiende kwa watoto mikono mitupu.

Mahali pasipo pa kujificha

Tukiwa njiani kurudi mjini nilimwuliza Madam kama hasikitiki. Alikuwa amepoteza asubuhi, amepoteza petroli, na kamisheni iliyokuwa mlangoni imegeuka nyuma.

"Nasikitika, kwa nini nisisikitike?" alijibu. "Nina kodi ya ofisi kama wewe ulivyo na ya nyumba. Lakini Nakuru ni jiji katika karatasi tu. Mama yule nitakutana naye sokoni. Mjukuu wake huenda anasoma na wa kwangu. Wewe ukija kujenga pale, na yeye akutokee na jembe, wote mtapanda ngazi zangu. Mimi nitahamia wapi?"

Hilo ndilo jambo nililokuomba ulikumbuke, msomaji. Katika mji mkubwa mtu anaweza kukuuzia hewa Jumatatu, na Jumanne abadilishe nambari ya simu na mtaa. Katika mji ambao watu bado wanasalimiana, muuzaji mwenye akili hujua kwamba kila mkataba atakutana nao tena njiani. Uaminifu wa mtu kama Madam hautokani na cheti cha ukutani peke yake. Unatokana na ngazi zile zilizolika, ambazo kila aliyemwuzia anaweza kuzipanda tena.

Lakini si kila Madam ana moyo huo, na si kila mji una ngazi hizo. Kwa hiyo wewe na jamaa yako mkitaka kununua, shikeni haya. Fanyeni sachi wenyewe, msiridhike na nakala ya hati mliyotumiwa kwa simu. Mleteni mpima ardhi awaonyeshe mawe ya mipaka, kwa kuwa kuna watu waliowahi kuonyeshwa ploti moja na kuandikiwa nyingine. Mkataba uandikwe na wakili wenu, si wa muuzaji. Tengeni pesa za ushuru wa stempu, ambao mnunuzi hulipa kwa kiwango cha asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani. Na kabla ya hayo yote, fikeni penyewe mchana, msalimu jirani, mwulize mke au mume wa muuzaji kama ana habari. Swali hilo halilipiwi hata senti, nalo ndilo lililoniokoa.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Ile tofauti ya shilingi 250,000 iliyoninyima usingizi ilikuwa bei ya siri. Mzee aliuza kwa haraka kwa sababu hakutaka aliyemo shambani ajue. Nami, nakiri kwa haya, sikujiuliza hata mara moja kwa nini bei ni ya chini. Nilichofikiri ni jinsi ya kumwahi mnunuzi mwingine. Laiti mama angekuwa ameenda sokoni siku ile, na laiti ningekuwa nimempata broka mwingine, jioni hiyo ningerudi nyumbani nikawatangazia watoto kwamba tuna kwetu, na kwetu huko kungekuwa juu ya maharagwe ya mtu.

Baada ya mwezi mmoja hivi nilipiga simu Nakuru kuulizia ploti nyingine. Madam alinipa habari kabla sijamwuliza. Mzee na mama walikuwa wamefika ofisini pamoja. Hawakuja kuuza. Walitaka kujua ni hatua gani hufuatwa ili jina la mama liingie katika hati kando ya la mumewe, naye aliwaelekeza kwa wakili.

"Na ile miguu yake?" nilimwuliza.

Madam akacheka. "Ndiye aliyetangulia kupanda ngazi," alisema. "Mzee alikuwa nyuma, amebeba mfuko."